Pini za Ngazi ya Mzunguko

Mwaka 1964, katika ofisi moja ya wachora ramani za majumba, ghorofani huko Makadara, Nyevu binti Abdulhalim alikuwa mwanamke pekee. Kazi yake ilikuwa kunakili michoro ya wengine kwa wino. Kuchora mchoro wake mwenyewe hakuwahi kuambiwa.

Alhamisi moja asubuhi Fundi Zein, seremala, alipanda mbio, vumbi la mbao limemjaa ndevuni, akakunjua mchoro juu ya meza ya Oloo, mchoraji mkuu.

"Hujambo, Bwana Oloo. Ngazi yako haifungi! Nimeipiga chaki sakafuni kwa ukubwa wake kamili. Kipandio cha mwisho kimeupita mlango kwa upana wa vidole viwili. Na mbao nazikata kesho!"

Ilikuwa ngazi ya kuzunguka, vipandio kumi na sita, ya skuli mpya ya wasichana Kibokoni. Oloo akapima, akapima tena, jasho likimtoka. "Hesabu ni sahihi," akanong'ona. "Sielewi."

Nyevu aliinuka akachungulia. Kwenye duara akaona vitundu vya bikari, kile chombo cha miguu miwili cha kupigia duara. Oloo alikuwa ameitembeza bikari kama mtu ahesabuye hatua, kila nukta akiipima kutoka ile iliyotangulia. Kila mara sindano ilikuwa imekwepa mstari kidogo tu, unene wa unywele.

"Niwie radhi, Bwana Oloo," akasema. "Unywele mara kumi na sita, kisha fundi aukuze mara ishirini na nne pale sakafuni. Vidole vyenyewe viwili ndivyo hivyo."

Oloo akamtazama, kisha akautazama mchoro. "Ungefanyaje wewe?"

"Ningekata duara nusu, kisha robo, hivyo hivyo hadi kumi na sita. Halafu kila nukta ningeichoma pini, rula iegemee pini. Nisilitegemee jicho."

"Mpishe kiti," Oloo akamwambia mchoraji wa jirani.

Nyevu alikwangua kwa wembe mistari ya zamani ya ngazi kwenye mchoro ule ule, akaligawa duara upya, kisha akachoma pini kila mahali: katikati ya duara, kwenye ukingo, hata katikati ya kila kipandio, maana alitaka asikose kitu. Akasukuma rula. Ikanasa tap! Akapiga mstari, akaangalia: umekwenda upande. Rula ilikuwa imenasa pini ya katikati ya kipandio, si ile ya ukingoni.

"Lo!" Fundi Zein akashika kichwa.

"Subirini!" Nyevu alikuwa akicheka. "Pini zimezidi. Rula haijui niitakayo." Akaukwangua mstari ule, akazing'oa pini zote za katikati ya vipandio, akabakisha ile ya moyo wa duara na kumi na sita za ukingoni. Akasukuma tena. Tap. Mstari. Tap. Mstari. Wachoraji wakaacha meza zao wakamzunguka, na alipofika wa kumi na tano walikuwa wakihesabu kwa sauti. Wa kumi na sita ukatua kwenye kizingiti cha mlango, sawasawa.

"Umefunga!" Oloo akapiga meza kwa kofi, pini zikaruka.

Fundi Zein hakungoja wino ukauke vizuri. Alishuka na mchoro akiupepea, na wao wote nyuma yake, Oloo na tai yake begani, wakikatiza vichochoro mpaka skulini. Fundi akapiga magoti, akachora upya kwa chaki. Nyevu alisimama mlangoni, buibui limemteleza bila yeye kujua, akiyafuata macho ya fundi kipandio kwa kipandio.

Chaki ikagusa kizingiti. Zein akainua uso. "Binti Abdulhalim, leo nalala usingizi wangu wote, na kesho nakata mbao!"

Oloo akauchukua mchoro, akautandaza juu ya rundo la mbao, akatoa kalamu mfukoni. Pembeni palikuwa na jina lake. Akalikata kwa mstari mmoja.

"Andika lako," akamwambia. "Na Jumatatu uje na pini zako. Nina kuba la msikiti limenishinda tangu mwezi uliopita."

Nyevu akaandika. Herufi zilikwenda upande kwa furaha, na hakuna aliyemwambia azinyooshe.