Kamati Yavuka Barabara

Maji yalikuwa yamemfika Mhandisi shingoni. Kamati ya Wataalamu Washauri wa Usalama Barabarani: jina refu, kazi fupi. Tangu ateuliwe kuwa mjumbe wake alikuwa akiwaomba wenzake jambo moja tu, wapendekeze tuta la kupunguza kasi ya magari mbele ya zahanati, pale mama yake mzazi alipokuwa akivuka kila wiki na goti lake bovu kufuata dawa. Wakubwa walikwishasema: kamati ikipendekeza, tuta litajengwa; isipopendekeza, basi. Na kila kikao mwenyekiti, ambaye pembeni wote walimwita Bwana Utafiti, alijibu vilevile: "Hilo linahitaji utafiti, binti yangu."

Leo, angalau, utafiti ulifika. Wataalamu wakashuka kwenye magari yenye viyoyozi, wamevaa vizibao vinavyong'aa, wametanguliwa na askari wa trafiki kwenye pikipiki. Askari akanyoosha mkono, magari yakasimama pande zote mbili. Kamati ikavuka kwa maringo, profesa na daktari wa mifupa wakibishana habari za mpira katikati ya lami.

"Mbona panavukika vizuri tu?" alisema Bwana Utafiti walipofika ng'ambo, upande wa zahanati. "Tuandike hali inaridhisha."

Damu ilimchemka Mhandisi. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu anapima mvua akiwa chini ya mwavuli, kisha anatangaza ukame!

"Mzee wangu," alisema, adabu ikianza kumponyoka, "magari yamesimamishwa na askari. Mama zetu wanavuka bila askari."

"Taratibu, binti. Sisi wataalamu hatuendi kwa hisia."

Mhandisi hakubishana tena. Alimwendea askari, akamshukuru, akamwambia kazi imekwisha akapumzike. Askari hakusubiri kubembelezwa. Akawasha pikipiki yake akatokomea.

Magari ya kamati yalikuwa upande wa pili, na barabara ikarudi kuwa barabara. Malori yakafuatana na mabasi, na mabasi yakafuatana na wenye haraka zao. Bwana Utafiti akatia mguu kwenye lami, akaurudisha. Akautia tena, honi ya lori ikamrusha hadi mtaroni, kiatu kimoja kikabaki humo.

"Mwenda pole hajikwai," profesa alimfariji, yeye mwenyewe akiwa hajasogea hata hatua. Daktari wa mifupa alijibanza nyuma ya nguzo ya umeme, kwani alijua vizuri kuliko wote lori huwafanya nini watu. Jua likawachoma, vizibao vikalowa jasho.

Ndipo mama yake Mhandisi alipotoka zahanati na mfuko wake wa dawa, akichechemea.

"Shikamoo mama," wakamwamkia.

"Marahaba. Mbona mmesimama juani?"

"Tunataka kuvuka," alijibu Bwana Utafiti, simu sikioni. "Nampigia askari arudi atuvushe."

"Umefanya vizuri. Ukimaliza, baba, nipe na mimi namba yake. Wiki ijayo narudi kuchukua dawa."

Mama hakuwa na mzaha. Alishatoa kisimu chake na kukikazia macho, tayari kuandika namba. Bwana Utafiti alimtazama, akalitazama lile goti lililofungwa kitambaa, akakata simu.

"Binti yangu," alisema hatimaye, "hilo tuta ulitaka likae wapi hasa?"

Swali hilo Mhandisi alikuwa amelijibu katika kila kikao. Akameza hasira, akalijibu tena.