Kilo Mbili za Gunia

Jumanne jioni, kwenye darasa letu la watu wazima pale Mlabani, Mwalimu Lukelo aliandika ubaoni neno la Kiingereza: deduct. Alisema maana yake ni kuondoa kiasi kwenye jumla, kama mwajiri anavyokata michango kwenye mshahara.

"Anayekata aseme anakata nini, na kwa sababu gani," alisema. "Asiposema, huyo anachukua tu."

Nilishtuka. Neno hilo lilikuwa kwenye kila stakabadhi niliyopewa na Nazari, mnunuzi wa mpunga. Nina miaka hamsini na mmoja, na kwa misimu sita nimeweka dole gumba chini ya neno nisilolijua.

Alhamisi nilileta magunia kumi na manne kutoka Mofu kwenye mzani wa Nazari. Leticia, karani wa Nazari, akapima la kwanza: kilo themanini na tatu. Chini ya deduct akaandika mbili.

"Mwanangu, hizo mbili ni za nini?"

"Uzito wa gunia lenyewe, mama. Ndiyo utaratibu."

"Basi lipime gunia tupu."

Foleni ikacheka. Mzee Kelestini, jirani yangu, akapaza sauti: "Agnella, darasa la jioni limekupanda kichwani! Jua linatuchoma huku."

"Shikamoo, mzee. Na wewe wanakukata."

"Marahaba. Wanikate, ila wanikate upesi!"

Nikaliweka mwenyewe gunia tupu juu ya mzani. Mzani ukaonyesha kilo sufuri nukta moja, ukatulia. Waliocheka wakasogea kusoma namba. Kilo mbili kwa magunia kumi na manne ni ishirini na nane. Nyumbani tungekula wiki nzima.

Nazari akatoka ofisini, akanivuta pembeni.

"Mama yangu, wewe ni mteja wa siku nyingi. Zako sitakata hata kilo moja. Ila punguza sauti."

Nikafumba macho. Nilimwomba Mungu anipe ruhusa ya kukubali. Hakunipa. Nilipofumbua, nikamwona Klementina, mjane wa kijijini kwetu, amesimama na magunia yake matatu.

"Na za Klementina?" nikauliza kwa nguvu.

"Za Klementina zinakuhusu nini?"

"Zinanihusu! Umemkata akiwa na msiba, ukamkata akiwa mgonjwa. Kwa gunia lisilo na uzito!"

"Pakia mpunga wako uondoke."

Nikamwita mwenye guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Tulikuwa tunapandisha gunia la pili niliposikia sauti ya Klementina.

"Leticia, yangu usipime. Kaka wa guta, una nafasi ya matatu?"

"Ipo, mama. Mnayapeleka wapi?"

"Popote wanapopima gunia tupu," nikamjibu.

Mzee Kelestini akasonya, akaanza kugeuza baiskeli yake iliyobeba gunia.

"Haya, langu nalo lipeni nafasi. Lakini Agnella, huko tukikuta foleni, nitakulaumu mpaka Mofu."