Bastola Iliyopakwa Alizeti

Mzee Enock alirudi Misigiri, wilayani Iramba, kutoka vita vya Kagera akiwa na mguu mbovu na siri moja. Siri hiyo ilikuwa bastola ya Kirusi ya zamani, yenye nyota kwenye kitako, na ndani ya nyota herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma kijijini. Alipofariki, mwanawe Chediel aliikuta ndani ya kihenge, chini ya uwele, akaihamishia kwenye banda la mashine yake ya kukamulia alizeti.

Chediel hakuwa na adui. Aliipenda mkononi tu. Umeme ulipokatika na mashine ikanyamaza, aliitoa, akaupima uzito wake, akauacha ubaridi wa chuma umwingie kiganjani. Yeye ambaye wateja walimkaripia kwa sababu ya mafuta machafu, kwa kitambo kile alikuwa mtu wa kuogopwa. Ili isishike kutu, aliipaka mafuta aliyokuwa nayo tele, yaani ya alizeti. Kila mpishi wa Iramba anajua kwamba alizeti ikikaa muda mrefu kwenye kikaango kisichooshwa hugeuka ulimbo. Chediel naye alilijua hilo, ila kwa vikaango.

Asubuhi moja mtendaji wa kijiji alitangaza kwamba mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kwa hiari, naye hatashtakiwa. Martina, mkewe, ambaye hakuwa amepata usingizi mzuri tangu alipoigundua bastola ile, alimkabili palepale.

"Baba Eliza, leo."

"Nitaipeleka."

"Sikukuuliza kama utaipeleka. Nimesema leo."

Chediel aliingia bandani kuichukua. Mara moja tu, alijiambia, ya kuagana. Akachomeka kitakoni magazini, kile kibweta cha risasi alichokikuta pamoja nayo, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu, akavuta nyuma chuma cha juu, kisha akakiachia. Kilirudi nusu ya njia, kikanasa. Nyundo ilikuwa imeinuka. Akakisukuma kwa kidole gumba, hakikusogea. Akajaribu kuichomoa magazini, nayo ikagoma.

Jasho lilimtoka. Mtutu ulielekea ukuta wa bati, na nyuma ya bati hilo alisikia ungo wa Martina ukipepeta. Akageukia upande wa pili: huko kulikuwa na barabara, na watu walikuwa wakipita kwenda mnadani. Chini palikuwa na saruji, na risasi ikigonga saruji, nani ajuaye itaruka wapi?

"Mama Eliza, ondoka hapo ukutani!"

"Niende wapi na ungo mkononi?"

"Ondoka, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Ungo ulinyamaza. Badala ya kukimbia, Martina alitokea mlangoni.

"Imekwama," Chediel alisema. "Ina risasi."

"Iweke chini."

"Siwezi. Vidole vimekataa kufunguka."

Martina aliushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Basi ielekeze kwenye magunia ya mashudu. Usikohoe." Kisha akapiga simu kituo cha polisi.

Askari Obadia alipofika kwa pikipiki, Chediel alikuwa bado amesimama vilevile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitakufa?"

"Ukitulia, hufi. Umeipaka nini hii?"

"Alizeti."

"Ungeongeza chumvi na kitunguu, mzee."

Obadia aliukamata mkono wa Chediel, mtutu ukiwa umezama kwenye gunia, akamimina mafuta ya taa polepole juu ya chuma. Akamfungua kidole kimoja kimoja, akaipokea bastola. Alingoja, akachomoa magazini, akavuta chuma cha juu. Risasi ilianguka sakafuni ikabingirika. Chediel aliketi chini kama mzigo ulioshushwa.

"Haina kitu sasa," Obadia alisema. "Mama, nishikie nifungue mfuko."

Martina aliipokea kwa ncha za vidole, kama apokeaye kaa la moto. Kisha kiganja kikajifunga. Akaiinua kidogo, akaishusha, akaiinua tena.

"Kumbe ni nzito," alisema taratibu.

Mfuko ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

"Tia humu, mama."

Martina hakutia. Alikuwa akiigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akilifuata umbo la nyota kwa kidole gumba, na usoni mwake hapakuwa tena na woga hata chembe. Chediel aliutambua uso huo, na hofu ikamshika upya, kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Mama Eliza," alinong'ona kutoka sakafuni, "iachie. Iachie sasa hivi."