Bunduki ya Nyuma ya Mlango

Mapindo ya mashati yalijaa ukuta mzima wa kibanda cha wawindaji, yamegongomewa misumari kama ngozi za wanyama wadogo wasio na bahati. La mistari, la jinzi, la maua, hata moja la hariri la mchungaji wa kanisa, ambaye sala zake zilisikika mbinguni lakini marisau yake yakaishia kwenye msonobari. Kila pindo lilikuwa na jina la mwenyewe kwa wino mweusi wa Mjomba Ishmael, nahodha wa msako. Ukimkosa kulungu, pindo la nyuma la shati lako linakatwa na kupigwa msumari pale, wenzako wakicheka. Ukimwacha apite bila kufyatua, umekosa vilevile. Woga hauna msamaha. Pindo moja tu, karibu na bomba la jiko, halikuwa na jina. Lilikuwa limefubaa kwa masizi hata rangi yake haikujulikana tena, na vijana walidai ni la shetani, kwamba hata yeye aliwahi kukosa shabaha katika kinamasi hiki.

Odessa Mazyck aliingia akautazama ukuta, kisha akajitazama kifuani, na damu ikamshuka mpaka kwenye buti.

Alikuwa amevaa shati la baba yake.

Si kwamba sheria hakuijua. Aliijua kama alivyojua nyimbo za kanisani. Lakini nyumbani kwao habari za mapindo hazikuwa zikizungumzwa, kama vile nyumbani kwa tajiri hakuzungumzwi bei ya chumvi. Linwood Mazyck aliwinda na watu hawa maisha yake yote, na jina lake halikuwahi kupanda ukuta ule. Hivyo alfajiri, baridi ya Novemba ikibisha hodi madirishani, binti yake alipofungua kabati akaliona lile shati zito la sufu la miraba ya kijani, bado linanuka tumbaku na mafuta ya bunduki, hakufikiri mara mbili. Ilikuwa siku yake ya kwanza kusimama mahali pa marehemu. Alitaka ujasiri, kumbe amejivika dhamana.

"Hilo si shati la Mjomba Linwood?"

Aliyeuliza ni Marcellus, binamu yake, muuza magari wa mjini, mtu ambaye kimya humwasha kama upupu. Naye alikuwa na shati jipya, mikunjo ya dukani bado imesimama wima kama askari.

"Ni shati tu," alisema Odessa.

"Wee, shati tu? Hilo ni Sanduku la Agano. Na umelileta vitani ukiwa na... hebu nione. Dada, hiyo ni bunduki au mguu wa kitanda?"

Kibanda kikaangua kicheko. Odessa hakuweza kuwalaumu. Hata yeye, njiani, alikuwa ameilaza sakafuni mwa gari na kuifunika blanketi, kama mtu anayempeleka hospitali mlevi wa ukoo. Ilikuwa bunduki ya marisau ya mtutu mmoja, kitako kimepasuka na kufungwa utepe mweusi wa mafundi umeme, nyundo yake imelika kama jino la mzee. Mama yake hata hakuinunua. Alikwenda mnadani kununua banda la kuku la jirani aliyefariki, na dalali akamtupia bunduki juu yake, kama mchinja nyama anavyokuongezea mfupa. Tangu siku hiyo ilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, bega kwa bega na ufagio, kazi yake kuua nyoka wanaoiba mayai. Baba aliiita "ufagio wa pili." Yeye alikuwa na bunduki yake ya heshima, iliyochorwa bata wakiruka ubavuni, na hiyo kwa wosia wake ilikwenda kwa kaka yake Odessa, Curtis, Atlanta, ambako ililala kabatini ikiota kinamasi.

"Nina nyingine kwenye gari," Marcellus aliendelea. "Ya zamani, lakini angalau ina haya. Nikuazime?"

"Baki nayo. Huenda ukaihitaji."

"Ohoo," walisema wazee wawili kwa pamoja, na mmoja akapiga goti.

"Marcellus," alisema Mjomba Ishmael bila kuinua kichwa, "bunduki haichekwi kabla ya jioni." Alikuwa kwenye kiti kando ya jiko, ananoa kisu. Sauti ya kisu juu ya jiwe ilikuwa ndogo na tulivu, na Odessa aliisikia mgongoni, palepale pindo lilipokuwa.

Akamsogelea, akainama. "Mjomba. Naweza kulivua nikaliacha hapa? Nitavaa koti tu."

Mzee alilitazama lile shati, akalitazama kupita kiasi, kisha macho yake yakapanda kidogo kuelekea bomba la jiko, yakarudi kwenye kisu.

"Uliloingia nalo ndilo uliloapia, binti yangu. Sheria hii sikuitunga mimi. Nami nikianza kusamehe mashati, ukuta huu utabaki mbao."

Malindo yaligawiwa kwa kura, vifuniko vya chupa ndani ya kofia. Odessa alipata lindo la mwaloni ulioanguka, penye njia nyembamba kati ya msitu na maji meusi. Marcellus akapata lile la juu yake. "Usijali," alimwambia wakishuka garini, kofia zao za rangi ya machungwa zikimeremeta kwenye manyunyu. "Akija, atapita kwangu kwanza. Kwako utaletewa salamu."

Kisha akabaki peke yake.

Kusubiri ni kazi inayofanywa na moyo, miguu ikipata sifa. Manyunyu yalidondoka kwenye matawi ya misonobari, yakadondoka kwenye ukingo wa kofia, na Odessa alisimama kimya akimkasirikia baba yake, jambo ambalo hakulitarajia. Mtu mwingine angemwachia mwanawe shamba, au deni, au hata jina baya ambalo unaweza kulisafisha kidogokidogo ukapongezwa. Yeye alimwachia usafi. Ukipewa nguo nyeupe, cha kuongeza juu yake ni doa tu. Akawaza pindo la kijani likining'inia kati ya la mchungaji na la shetani, chini yake limeandikwa Mazyck, na watu wakisema miaka ijayo: mzee hakukosa kamwe, shati lake ndilo lililokosa, siku lilipovaliwa na binti.

Na mkononi ana risasi moja, ndani ya mfupa wa nyongeza.

Asubuhi mama yake, Verdell, alikuwa amempa maelekezo huku akikoroga uji wa mahindi, kwa sauti ile ile ambayo angemwelekeza dukani. "Usifumbe macho. Usiirembe. Pale unapotazama ndipo inapopiga, haijui mambo mengine." Odessa aliitikia bila kusikiliza. Ushauri wa mtu anayewinda nyoka ndani ya banda la kuku.

Mbwa walianza mbali, ng'ambo ya kinamasi, sauti moja, halafu tatu, halafu kundi zima likiimba. Sauti ikageuka upande. Ikaja. Odessa alihisi kinywa kimekauka ingawa dunia nzima ilikuwa imelowa.

Kwenye lindo la juu mlio wa bunduki ukapasua hewa. Paa! Akasubiri wa pili. Bunduki ya Marcellus ilikuwa ya kisasa, yenye kumeza risasi tano na kuzitema kama mtu anayekula karanga. Yeye mwenyewe aliwaeleza hivyo garini, mara mbili. Wa pili haukuja. Badala yake likaja tusi, refu, lililoanza na utengenezaji wa bunduki likamalizia kwa mama wa mtengenezaji.

Halafu matawi yakafunguka na kulungu akawa pale.

Dume. Pembe zake zilikuwa na rangi ya mti uliolowa, na alikuja bila haraka kubwa, kama mtu aliyeukimbia ugomvi akaona sasa amefika mbali vya kutosha. Odessa alivuta nyundo nyuma. Ililia *tak*, na yule dume akasimama akageuza kichwa.

Usiirembe.

Alitazama chini ya shingo, penye manyoya mepesi. Hakuwaza baba. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuwaza shati. Akavuta kifyatulio, na ufagio wa pili ukampiga bega kama ngumi ya ndugu.

Moshi ulipoondoka, njia ilikuwa tupu.

Alisimama akiitazama njia ile tupu, na baridi ikampanda mgongoni kwa mstari ulionyooka, kama kisu. Mbwa walikuja mbio, wakampita, wakazama kwenye majani mapana upande wa pili, wakanyamaza ghafla. Mbwa wakinyamaza hivyo kuna mambo mawili: wamepoteza, au wamepata.

Marcellus alitokea akihema, bunduki yake ameishika kwa ncha kama samaki aliyeoza. "Ganda limekwama! Tone la maji tu, imenuna!" Akaangalia njia, akaangalia majani, na tabasamu la mtu aliyepata mwenzake msibani likaanza kuchomoza. "Umemkosa? Dada yangu, pole. Basi tutakatwa pamoja, tutapiga na picha."

Odessa aliikunja bunduki katikati kuifungua, ganda likaruka lenyewe, jepesi, kana kwamba halijasikia kuwa maganda hukwama. Akavuka njia, akayatenga majani.

Dume alikuwa amelala nyuma ya gogo, hatua chache tu kutoka aliposimama. Mbwa walikuwa wamemzunguka kwa adabu, mikia ikitikisika. Marisau yote yalikuwa yameingia mahali pamoja, padogo, unaweza kupafunika kwa kifuniko cha sufuria.

Odessa alikaa juu ya gogo lililolowa, bunduki mapajani. Alicheka, kisha akaona si kicheko peke yake, akauacha uso ufanye unavyotaka. Mvua ilikuwepo ya kusingizia.

"Mguu wa kitanda," alisema Marcellus, akivua kofia. "Haya. Naomba kuuliza, kitanda chenyewe kipo? Kina miguu mingine mitatu?"

Kibandani walimkata Marcellus pindo. Alisimama katikati kama bwana harusi, akamwambia nahodha akate polepole maana risiti bado anayo, huenda duka likalipokea. Mjomba Ishmael alilipiga msumari lile pindo jipya lenye mikunjo yake, kisha akachovya vidole viwili kwenye damu ya dume ili ampake Odessa usoni, kama apakwavyo kila mtu kwa kulungu wake wa kwanza. Kabla ya kumpaka aliinua kola ya shati kwa mkono mwingine, akaikunja ndani, tone lisianguke.

Kisha akaomba bunduki. Aliielekeza dirishani, akachungulia ndani ya mtutu, akakaa hivyo kwa muda.

"Aliyeitengeneza hii," alisema, "hakuwa na fedha za mapambo. Ikambidi atengeneze mtutu."

Verdell alikuwa jikoni Odessa aliporudi, sufuria ya mboga na mifupa ya nguruwe ikichemka. Hakuuliza habari za kulungu. Alifuta mikono kwenye aproni, akamshika bintiye mabega, akamgeuza kama mtoto anayekaguliwa kabla ya shule, akachomoa shati kutoka kwenye suruali na kupitisha vidole kwenye pindo la nyuma, toka upande huu hadi upande ule. Akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," alisema. "Kile kitambaa kiliisha. Nisingejua nishone na nini tena."

"Tena?"

Mama alikuwa ameshageukia sufuria. Odessa alivua shati, akabaki na fulana yake ya joto, akalisogeza kwenye taa. Chini ya kiuno, sehemu ambayo mtu huichomekea na hakuna anayeiona, kijani hakikuwa kijani kilekile. Kipande cha upana wa kiganja, kizito kidogo zaidi, kilikuwa kimeungwa kwa mishono midogo mno, mishono ya mwanamke aliyeombwa asiseme. Akalikumbuka pindo la masizi kando ya bomba la jiko, lisilo na jina. Akayakumbuka macho ya Mjomba Ishmael yakipanda na kushuka.

"Mama. Baba alikosa kwa bunduki ile ya Curtis?"

"Ile yenye bata," alisema Verdell. Alionja mchuzi, akaongeza chumvi. "Bata wengi, kulungu hakuna. Kaoshe uso, damu imekauka."

Aliichukua bunduki, akaikunja kuhakikisha haina kitu, akaipangusa mtutu kwa aproni, akaisimamisha mahali pake. Iliteleza kidogo, ikaegemea ufagio.

Odessa alikaa kitambo na shati mapajani, kidole kikifuata mishono kwenda na kurudi. Kisha akalivaa tena, ingawa jikoni kulikuwa na joto. Alianza kulichomekea, akaacha katikati. Akalichomoa lote, na alipokwenda kuosha uso pindo lilikuwa likicheza nyuma yake.