Siku Bibi Alipopimwa Pumzi

Nilirudishwa nyumbani wiki mbili kabla ya likizo kwa kosa la kubandika tangazo. Tangazo lilisema Askofu angetembelea bweni letu Alhamisi, na jiko, kwa heshima kubwa, likapika pilau. Askofu hakuja. Wanafunzi mia nne tulikula kwa niaba yake. Mkuu wa shule hakuona upande wa kiroho wa jambo hili, na ndiyo maana siku tela la kupimia pampu lilipofika Sumbawanga nilikuwa kwenye uwanja wa kituo, nikisugua matairi ya gari la zimamoto. Adhabu hiyo alinipangia baba.

Baba yangu, Koplo Leonidas, ndiye dereva na mwendesha pampu wa gari hilo. Ni zee, linakohoa likiwashwa, na kituo kizima wanaliita Bibi. Mwaka huu baba mwenyewe alibadilisha sili za pampu yake, zile pete za kuzuia mvujo, kwa wiki tatu, amelala chali kwenye sakafu ya baridi. Kisha akamwandikia mkubwa wake barua: pampu ni nzima, dhamana ni jina langu. Amebakiza miezi minne kustaafu. Bibi akianguka mtihani anavutwa kwenda kwenye chuma chakavu, na baba anaondoka kazini kama mtu aliyeandika uongo.

Tela lenyewe lilikuwa zuri, lazima niseme ukweli. Lilikuwa na tangi la maji, mita, mabomba, geji zinazong'aa, na pampu ndogo nyekundu ya kuvuta hewa. Lilivutwa na pikapu kutoka Dar es Salaam, likaja na Injinia Masalu, kijana aliyevaa makoti mawili na bado anatetemeka.

"Kazi rahisi, Afande," alimwambia baba. "Tunaanza na hewa, maji baadaye. Tunaziba mpira wa kufyonzea, pampu yako inavuta hewa iliyomo. Mshale wa geji ukifika sifuri nukta nane, umepita. Usipofika, kuna mahali panavuja."

Baba akamwasha Bibi. Mshale ukapanda vizuri, ukafika nukta saba, ukasimama.

Baba akakaza viungo vyote. Nukta saba. Akapaka grisi, akabadilisha mpira, akamsemesha Bibi Kifipa kwa sauti ya chini, jambo ambalo hulifanya akidhani hakuna anayesikia. Nukta saba.

Masalu akatoa kwenye mkoba kadi nyekundu, ya magari yaliyoanguka, akaigeuzageuza. Hakuwa mtu mbaya.

"Pole, Afande. Ngoja nile kwanza, ndipo nijaze fomu."

Baba akakaa kwenye ngazi ya Bibi, akaanza kuifuta pampu ambayo haikuwa na vumbi lolote.

"Labda mikono yangu ndiyo imechoka," akasema. Hakuwa akiniambia mimi.

Nina utani wa kila hali, lakini kwa hali ile sikuwa nao. Nikaenda kukaa karibu na meza ya Mama Angela, anayepika chakula pale getini. Masalu alikuwa anatafuna kwa nguvu.

"Mama, haya maharage bado mabichi."

"Mabichi?" Mama Angela akaweka mwiko chini. "Nimeyainjika tangu saa kumi na moja alfajiri! Huku mlimani, baba, maharage hayaivi kwa haraka za watu wa Pwani."

Nikasimama. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha jambo hilo kwa kutumia sufuria ya shule: huku juu hewa ni nyepesi, haikandamizi sana, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Na kama hewa ni chache nje, mshale wa kupimia hewa hauwezi kupanda kama unavyopanda ufukweni. Nilikimbia kwa baba nikamweleza yote kwa pumzi moja, maharage yakiwemo.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jovina, mama. Kama hili ni moja ya mambo yako, niambie sasa hivi. Sitakasirika. Ila usinipeleke kwa yule kijana nikachekwe, leo siwezi."

"Siyo, baba."

Akanitazama muda mrefu. Nilijaribu kuvaa uso wa mtu mkweli, lakini sikuwa na mazoezi.

Akainuka, akavaa kofia yake, akaiweka sawa, akaenda mezani.

"Injinia, naomba kitu kimoja. Pima tela lako."

Masalu akacheka. "Tela? Wiki iliyopita lilifika nukta nane na ushee, Afande. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

"Dar es Salaam," baba akasema. "Binti yangu anasema hewa ya hapa ni nyingine. Namwamini."

Sijui kama alijua alichokuwa akikifanya. Jina lake alikuwa ameshaliweka dhamana kwa ajili ya pampu. Sasa alikuwa akiliweka kwa ajili yangu, mimi wa pilau ya Askofu.

Masalu akaziba mpira, akaiwasha ile pampu nyekundu. Mshale ukapanda. Ukafika nukta sita na nusu, ukakwama hapo hapo.

"Kumbe Bibi analishinda!" Mama Angela akapaza sauti kutoka getini. "Na hilo tela lipelekwe chuma chakavu?"

Masalu alifungua kitabu cha tela, akaenda kurasa za nyuma kabisa ambazo nadhani zilikuwa hazijawahi kufunguliwa, akapitisha kidole kwenye jedwali. Kisha akavua kofia.

"Kwa mwinuko wa hapa kiwango ni nukta sita tu. Afande, nisamehe. Kazi hii nimeifanya ufukweni tu." Akanigeukia. "Na wewe, dogo, asante."

"Tuendelee na maji," baba akasema.

Wakaunganisha mabomba. Maji yakatoka kwenye tangi, yakapita ndani ya Bibi, yakarudi kwenye tangi, yakizunguka hivyo hivyo huku mita ikihesabu. Baba akaniita, akaushika mkono wangu wenye sabuni, akauweka juu ya pampu, na wake juu ya wangu.

"Sikia."

Ilikuwa na joto kidogo, ikinguruma taratibu kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

"Nasikia, baba."

Hakuondoa mkono. Masalu akatazama saa yake, akasema dakika ishirini zimetimia, Bibi amepita, tunaweza kuzima.

"Bado," baba akasema.