Masharubu ya Keshav Ambardekar

Kwa miaka mingi mwanamke mrembo kuliko wote mjini Sangli alikuwa rafiki yangu Keshav Ambardekar. Sitanii. Mimi nilikuwa mpiga kinanda wa kundi la maigizo la Vasant Vilas, nakaa chini ya jukwaa, na kwa macho yangu niliwaona wake wa mawakili na wa matajiri wa biashara ya manjano wakiinuka vitini kutazama alivyofunga sari yake. Haikupita muda, nao wakawa wanafunga vivyo hivyo sokoni. Siku zile wanawake hawakupanda jukwaani. Bibi harusi, mjane, malkia, wote walikuwa wanaume walionyoa, na Keshav aliwapita wote.

Mwenye kundi, Nanasaheb Limaye, alimtoa kwao Konkan akiwa mtoto, kwa ajili ya sauti yake. Ilipofika wakati wa sauti kuvunjika, yake ilishuka kidogo tu, ikaongezeka joto. Watu walitembea kutoka vijijini na mikate yao ya mtama kwenye vitambaa, wakae usiku kucha wamsikilize.

Ila uzuri ule ulimla mwenyewe. Mkewe Goda alikuwa mpishi wa kusifiwa, na Keshav alikaa mbele ya mapishi hayo akitafuna matango, huku sisi wengine tukijaza matumbo. Alinyoa asubuhi, akanyoa tena kabla ya onyesho. Na kwetu mwanamume hunyoa masharubu anapofiwa na baba yake. Kila alipokwenda kwao, mzee Ambardekar alimkagua uso mbele ya majirani, kisha akauliza kwa sauti, "Keshav, nani kafa? Maana mimi bado napumua."

Majirani walicheka, Keshav naye akacheka.

Alipovuka miaka thelathini kiuno kilianza kumkana. Tulimkaza mkanda watu wawili, mmoja ameweka goti mgongoni. Basi tukiwa Belgaum akatoka kama binti wa miaka kumi na sita, amebeba ua, anamngoja mchumba. Mtu mmoja nyuma kabisa akapaza sauti: "Shangazi, punguza halua!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Keshav aliimba wimbo wake mpaka mwisho, hakukosa noti hata moja. Nilipomfuata chumba cha kuvalia nilimkuta amepakata nywele zake za bandia kama paka.

"Pandu," akaniambia, "halua yenyewe nimeisahau hata ladha."

Tukacheka. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Muda mfupi baadaye Nanasaheb alisafiri kwenda Goa, akasema anakwenda kuhiji mahekaluni. Alirudi na mwimbaji aitwaye Shevanti Mandrekar, mwanamke kweli, akamweka kwenye nyumba ya wageni kule Miraj. Makundi mengine yalikuwa yameshaanza kuweka wanawake, na watazamaji walikuwa wanawakimbilia. Kundi letu zima lilijua, isipokuwa Keshav. Watu walinong'ona nyuma ya mapazia. Ilisemekana kwamba katika kundi fulani mwigizaji wa namna yake alipoondolewa alikwenda kujitupa kisimani.

"Nenda wewe ukamwambie, Pandu," Nanasaheb akaniambia. "Wewe rafiki yake."

"Na wewe ni kama baba yake."

"Ndiyo maana siwezi."

Nilikwenda asubuhi. Goda alikuwa uani anachambua majani ya giligilani. Aliponiona tu akasimama.

"Shemeji, kuna msiba?"

"Hapana."

"Mbona sura imekushuka hivyo? Kaa, unywe chai."

Keshav akatokea mlangoni, wembe mkononi, nusu ya uso imejaa povu la sabuni. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani. Yote yakanitoka, nikaropoka kwamba Nanasaheb kapata mwanamke, yuko Miraj, anaanza mazoezi wiki hii.

Goda aliutazama ule wembe, na mimi nikautazama.

"Anaimba?" Keshav akauliza.

"Anaimba vizuri."

"Kama mimi?"

"Karibu."

"Pandu, usinidanganye mimi."

"Nyimbo za juu anakushinda," nikasema. "Za chini bado hakufikii."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akavuta taulo begani, akafuta lile povu, upande ambao haukunyolewa ukabaki hivyo hivyo. Akaketi chini, akakunja miguu.

"Goda, jikoni kuna nini?"

"Zile chapati tamu za dengu. Niliwapikia wageni."

"Lete. Na samli lete."

Alikula ya kwanza, akala ya pili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, yakidondokea sahani. Nikaona moyo wake umepasuka, nikamwambia, "Pole, ndugu yangu."

"Pole ya nini, mjinga wewe?" akasema mdomo umejaa. "Siku hii niliiogopa kama kifo. Imefika, na mimi niko hapa nakula! Niongezee samli, Goda."

Goda aligeukia ukutani. Niliona mabega yake yanatikisika, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Nanasaheb hakuamini habari zangu mpaka Keshav alipokuja mwenyewe mazoezini, kidevu kimeota vinywele. Tatizo likawa upande mwingine. Watazamaji wetu walikuwa wamezoea mwendo wa Keshav, na Shevanti alitembea kama watu wengine wanavyotembea.

"Mfundishe huyu," Nanasaheb akamwambia Keshav. "Mfundishe kutembea kama mwanamke."

Shevanti akajishika kiuno. Alikuwa mfupi, macho makali, na Kimarathi chake kilikuwa na lafudhi ya Goa. "Eti nini? Nimezaa watoto wawili. Huyu kaka ndiye anifundishe uanamke?"

Keshav akamwambia, "Dada, mimi niliiba mwendo wa mama yangu akitoka kisimani na mitungi. Wewe huna haja ya kumwibia mtu. Tembea zako."

"Na watu wakipiga kelele?"

"Watapiga. Imba, watanyamaza."

Ikawa hivyo. Keshav alikaa kando ya jukwaa kwenye onyesho lake la kwanza, akimpa maneno pale aliposahau. Pazia lilipofungwa alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Masharubu yalipokomaa, meusi, mazito, ncha zimepinda juu kidogo, alikwenda Konkan. Goda ndiye aliyenisimulia. Mzee Ambardekar alikuwa barazani anamenya korosho. Hakuuliza swali lake. Alimwita mwanawe karibu, akayavuta yale masharubu kwa vidole kuhakikisha hayakubandikwa, kisha akamwambia Goda, "Mpikie mume wako samaki. Amekonda." Keshav alikuwa amenenepa kama fahali. Siku ile, Goda alisema, mumewe alilala mchana kutwa kama mtoto mchanga.

Lakini mtu haishi kwa masharubu. Nanasaheb alimpa nafasi ya mfalme, na mchezo huo tukauanzia mjini Satara. Alitoka na upanga, kifua mbele, ikawa vizuri mpaka adui alipomtukana. Hapo mkono wake, bila yeye kujua, ukapanda begani kuvuta upindo wa sari ambayo hakuivaa. Jamani! Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Jaribio la pili likawa baya zaidi, kwa sababu safari hii walikuwa wameusubiri mkono ule. Baada ya hapo alibaki kugawa mavazi na kuwasahihisha vijana matamshi. Alisema ameridhika. Alikula vizuri, hata mizaha alifanya, lakini Goda aliniambia kuwa asubuhi anakwenda mtoni kuimba peke yake, na akirudi hamtazami mtu usoni.

Wakati ule sinema zilikuwa zimeanza kusema, na Kolhapur ilikuwa na studio zake. Studio mojawapo ikaniita nikapige kinanda. Nikamwambia Keshav twende wote, angalau abadilishe hewa. Goda akatufungia mikate na chatini ya karanga, akaja naye.

Mwongozaji, Dinkarrao Salvi, alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, na siku tuliyofika alikuwa karibu kulia. Alihitaji mtu wa kuigiza mkuu wa kijiji anayemuaga binti yake aliyeolewa mbali. Alishajaribu wafalme wote wa majukwaa ya Kolhapur, na kila mmoja alikiungurumia kipaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto Panchganga.

"Bwana, kidude hiki kinasikia!" Salvi alikuwa anamsihi mmoja wao. "Ongea kama unaongea na mtu wa nyumbani!"

"Nyumbani ndivyo ninavyoongea," yule mfalme akajibu kwa ngurumo.

Goda akacheka kwa sauti. Salvi akageuka, akamwona Keshav kando ya Goda, mnene, mtulivu, na masharubu yale.

"Wewe nani?"

"Nilikuwa malkia," Keshav akasema.

Nikaeleza haraka. Salvi alimtazama, akakuna kichwa, akasema, "Jaribu. Leo nimeshapoteza filamu nyingi, nyingine kidogo haitaniua."

Wakamweka mbele ya nyumba ya mbao na msichana aliyevaa kama bibi harusi. Keshav hakunguruma. Alimsogelea, akamwekea mkono kichwani, akautuliza pale. Akasema maneno yake kwa ile sauti ya joto, chini kabisa, kama anamwambia yeye peke yake asisahau kula. Msichana alipaswa kujifanya analia. Alilia kweli. Fundi wa sauti alivua vidude vyake vya kusikilizia masikioni akajifuta macho.

"Umejifunzia wapi?" Salvi akauliza.

"Nimekuwa bibi harusi miaka yote hiyo," Keshav akamjibu. "Nimeagwa na akina baba kila mji, na wote walinipigia kelele. Nilikuwa natamani mmoja wao anishike tu kichwa."

Filamu ilibidi isafishwe kwanza, ndipo tujue kama sauti imeshika. Tulingoja uani. Keshav alizunguka kisima cha studio mpaka Goda akamwambia, "Kaa, unanizungusha kichwa. Wakikukataa tutarudi Sangli, chapati zipo." Akakaa, akainuka tena. Salvi akatokea dirishani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akapiga kelele kama wale wafalme wake: "Imeshika! Kila neno!"

Keshav alishusha pumzi ndefu, ungedhani aliibana tangu Belgaum. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na Goda akakaa kando yake na sari yake nzuri.

Tangu hapo hakukosa kazi. Amekuwa baba wa nusu ya wasichana wa sinema za Kimarathi, na mara moja moja anapanda jukwaani kucheza babu, watu wanalipa kumwona. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile jioni filamu yake ya kwanza ilipoonyeshwa Kolhapur. Ukumbi ulijaa wakulima na wacheza mieleka, nasi watatu tukajificha safu ya nyuma. Alipomwekea binti mkono kichwani, hakuna aliyecheka. Mtu mmoja mbele yetu alipenga kamasi kwenye kilemba.

Tulipotoka tulikwenda pale wanapokamua nyati wa kufugwa barabarani, watu wanakunywa maziwa yakiwa bado ya moto. Mkulima mmoja mzee akamtambua, akainuka upesi kwenye benchi.

"Kaa, Mkuu wa Kijiji, kaa! Binti amefika salama kwa mumewe?"

"Amefika," Keshav akasema, akakaa, magoti ameyaachanisha, glasi mkononi.

"Ee, Mkuu," Goda akamwambia, "na hao nyati wako kijijini anakukamulia nani?"

Povu la maziwa lilikuwa limemjaa mdomoni, hakuweza kujibu. Tulimcheka, naye akanyoosha glasi aongezewe.