Helmeti Iliyoletwa Nyumbani

Meneja wa timu alipoleta helmeti kwa mkono wake mwenyewe, mama wa nyumba alishangaa. Miaka tisa mumewe akiichezea nchi kriketi, vifaa vyake vililala stoo ya uwanjani. Meneja hata mlango wao hakuujua.

"Nimeisafisha, shemeji," alisema, akicheka kwa meno tu. "Kesho kuna warushaji wa mipira ya kasi. Mwambie kaka apunguze maneno."

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Mwezi uliopita, akipokea kombe la mpigaji bora, mumewe alishika kipaza sauti na, badala ya kuwashukuru wafadhili, akauliza, "Wale walimu waliokamatwa wako wapi?" Tangu siku hiyo simu yao iliita na kunyamaza, na jirani aliyezoea kumbeba mtoto wao sasa alivuka barabara akiwaona.

Kesho mume alitaka kuvaa kitambaa cheusi kwenye mkono wa shati, kwa ajili ya walimu hao. Mwenye cherehani ni mkewe, naye alikuwa amekataa katakata.

"Mama watoto, mshono mmoja tu."

"Hata nusu! Watoto wenyewe ninaye mmoja, na anamtaka baba yake. Shona mwenyewe kwa hayo makoleo yako ya kudakia mipira."

Mume alicheka, mtoto naye akacheka, kichwa kikiwa ndani ya helmeti. Mtoto alipoinama, wavu wa chuma unaokinga uso ukadondoka sakafuni, kwaa!

Kicheko kikakatika. Mama aliuokota. Skrubu zote mbili zilikuwa zimefunguliwa, zikaachwa zishike kidogo tu, na vichwani zilikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi.

"Usiende," alinong'ona.

"Nisipoenda, watasema nimewaomba radhi."

Mama alimkumbatia mwanawe kitambo. Kisha akachukua kisu butu jikoni, akaurudisha wavu, akazikaza skrubu mpaka kiganja kikamuuma. Akavuta cherehani, akatunga uzi mweusi.

"Lete hilo shati."

Asubuhi honi ililia nje. Meneja, ambaye hakuwahi kumfuata mchezaji yeyote nyumbani, alinyoosha mkono. "Nikupokee helmeti, kaka?"

"Ataishika mwenyewe, shemeji," mama alijibu.

Macho ya meneja yalitua kwenye kitambaa cheusi. Meno yakapotea. Kwenye kiti cha nyuma cha gari walikaa wanaume wawili wasiovaa sare ya timu.

"Uwanja si mbali," mama alisema, akimfunga mtoto mgongoni. "Tunatembea."

Wote watatu wakashika katikati ya barabara, watu wakiwachungulia madirishani. Gari likawafuata polepole, bila honi.